Chuma Chumbani kwa Mama

Kijiji cha Ujamaa, Misima,
Handeni.
3 Februari, 1975

Mdogo wangu Mwantumu,

Inatangazwa rasmi kwako wewe, kwa shemeji Semboja, na kwa wakazi wote wa Mashewa bila kubagua dini wala kabila, kwamba leo asubuhi mimi, Mbaruku bin Isihaka, mkulima, mume wa mke mmoja na mmiliki wa kitambi kimoja, nimening'inia kwenye chuma. Kamati nzima ya kijiji imeshuhudia, pamoja na mbuzi. Sikuanguka. Nilishuka kwa hiari yangu, ila mikono ilikuwa imeshaamua kabla yangu.

Sasa salamu, ambazo zilipaswa kutangulia lakini zimepitwa na habari kubwa. Sisi hatujambo. Chausiku hajambo, anasema umwandikie na yeye siku moja, amechoka kusomewa zako na mtu anayecheka kabla ya kufika kwenye kichekesho. Mahindi ya vuli tumevuna kidogo. Nyumba zetu mpya zimepangwa mstari kama wanafunzi wakati wa ukaguzi, na jirani akikohoa nampa pole bila kutoka kitandani. Mama yupo.

Habari ya chuma ni hii. Tumeanza mafunzo ya mgambo. Mwalimu wetu ni Koplo Habakuki, kijana wa huko kwenu milimani. Amesimika nguzo mbili uwanjani na kulaza bomba juu yake. Mtu anadandia, anajivuta kwa mikono mpaka kidevu kivuke bomba, anashuka, anarudia. Vijana wanapanda kama ngedere. Mimi nilikaa pale kama gunia lililosahauliwa ghalani.

"Mzee, vuta!"

"Navuta, afande."

"Mbona huendi?"

"Hata mimi nashangaa, afande."

Nimeapa sitashindwa na bomba. Nimeomba kipande cha chuma kwa fundi, nimekifunga kwenye boriti chumbani kwa Mama, niwe najifunza asubuhi kabla ya kengele ya shamba la kijiji. Usinicheke mbele ya shemeji.

Kaka yako,
Mbaruku

~

Mashewa,
Korogwe.
27 Februari, 1975

Kaka yangu Mbaruku,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshuka. Huku hatujambo, isipokuwa Hosiana aliyekuwa na surua, sasa amepona na amerudi kunivunjia vyombo. Semboja anakusalimu. Nilimsomea habari zako nikiwa nimeapa sitamsomea, akacheka mpaka akatoka nje. Anasema huyo Habakuki huenda ni wa ukoo wake, na kwamba Wasambaa wameumbwa na milima, kupanda si kazi kwao, sisi shemeji zake Wazigua tusamehewe tu.

Kaka, nina swali. Kwa nini chumbani kwa Mama? Mama yule aliyekuwa hataki tuingie hata na mkeka wenye vumbi, leo amekubali mtu mzima aning'inie juu ya kichwa chake?

Na umeandika, "Mama yupo." Hata kinu kipo, kaka. Najua huwezi kuandika anisalimu, maana hanisalimu, nami sikulaumu. Sijasahau aliyosema siku tuliyorudi bomani na cheti cha ndoa. Alisema mawili mbele ya watu: miguu yake haitakanyaga Mashewa kwa Mkristo wangu, na mimi nisikanyage kwake mpaka aniite. Huu ni mwaka wa nane. Mimi ni binti yake, kwa hiyo nangoja kuitwa. Lakini hata anayengoja anapenda kusikia zaidi ya "yupo".

Mpe Chausiku salamu zangu. Vuta, kaka.

Mdogo wako,
Mwantumu

~

Misima,
Handeni.
22 Machi, 1975

Mdogo wangu Mwantumu,

Marahaba. Nashukuru Hosiana amepona. Mwambie mjomba wake akikutana na vyombo navyo huvunjika, ni urithi. Mvua za kwanza zimetunyeshea vizuri na tumepanda pamba ya kijiji. Nimechelewa kujibu kwa sababu mikono ilikuwa haikunjiki. Chausiku alinilisha ugali kama kinda la njiwa, akawaita majirani waje kuona.

Koplo amenionea huruma akanifundisha ngazi za wanaoanza. Kwanza unaning'inia tu, kila siku kidogo, mpaka viganja vizoee. Mtu hudhani kuning'inia si kazi, ajaribu. Halafu unapanda kwenye kigoda, unakuwa juu tayari, kidevu kimevuka, kisha unanyanyua miguu na kujishusha polepole, polepole, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Anasema siri iko kwenye kushuka. Mkono unaojua kushuka, ndio utakaojifunza kupanda. Mimi natumia kile kigoda cha Mama cha jikoni, chenye mguu uliolegea, unakikumbuka. Kinalia kila nikikikanyaga. Na nikuambie kwa siri, ncha za vidole vyangu huwa zinachelewa sana kukiaga.

Umeuliza kwa nini chumbani kwa Mama. Boriti ya kule ni mninga, dada. Ya kwetu ingenifuata chini.

Mama hunitazama akanicheka. Siku hizi hukaa zaidi ndani. Anakula.

Kaka yako,
Mbaruku

~

Mashewa,
Korogwe.
16 Aprili, 1975

Kaka yangu Mbaruku,

Shikamoo. Masika yametufungia, barabara ya Korogwe imekuwa mto, na barua yako imelala posta huku nami nikikuhesabia maneno mabaya. Unisamehe yote. Mahindi yamefika magotini. Semboja ameumia kidole cha mguu kwa jembe, lakini anakusalimu kwa kidole kilichobaki.

Kaka, Efrazia anayeuza kabeji hapa kwetu alikuwa Kabuku, akakutana na mama mmoja wa Misima. Yule mama alimwambia Bi Mwanaidi hajaonekana shambani wala kisimani tangu kabla ya mwaka mpya. Nikamjibu Efrazia kwamba si kweli, kaka yangu ananiandikia, angesema. Nimekutetea mbele ya kabeji zake zote. Sasa nakuuliza wewe: Mama anaumwa? Nijibu neno moja. Usinijibu bomba.

Na kuna jambo sijawahi kukuandikia. Mtoto wangu siku ya ubatizo alipewa majina mawili. Anaitwa Hosiana Mwanaidi. Semboja ndiye aliyesema, si mimi. Alisema mtoto hawezi kukosa bibi hata kwa jina. Nyumbani tunamwita hilo la pili. Nikimwita kwa hasira, "Mwanaidi, njoo hapa!", nasikia nimemkosea mtu adabu. Usimwambie Mama. Atasema nimeiba.

Mdogo wako,
Mwantumu

~

Misima,
Handeni.
9 Mei, 1975

Mdogo wangu Mwantumu,

Marahaba, na pole kwa kidole cha shemeji. Hapa nyumbani tu wazima. Chausiku ameanza kisomo cha watu wazima, na sasa anasoma mabango yote kwa sauti, hata yale ambayo mtu angependa yapite kimya.

Nimejivuta nusu, Mwantumu! Nusu nzima, bila kigoda. Pua imekifikia chuma. Pua ikihama tu, kidevu kitapita.

Uliyouliza: Mama hana homa, hakohoi, na chakula hakatai. Aliyekuambia hajamwona shambani hakudanganya, wazee wamepumzishwa. Kuhusu jina la mtoto uliniambia nisiseme. Unanijua, siri kwangu ni kama maji kwenye chujio.

Koplo Habakuki ameahidiwa uhamisho. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha. Mama anakusalimu. Mvua imepungua wiki hii.

Kaka yako,
Mbaruku

~

Mashewa,
Korogwe.
30 Mei, 1975

Kaka Mbaruku,

Shikamoo. Sisi wazima.

Miaka minane nimesoma barua zako nikitafuta maneno mawili. Nilikuwa nikizifungua nikianzia mwisho. Sasa umeniandikia, "Mama anakusalimu," umeyaweka baada ya mbuzi wa jirani. Nilisoma nimesimama posta. Nikaja nyumbani nikafunga nguo za mtoto na zangu kwenye kitenge. Asubuhi Semboja akatusindikiza mpaka Korogwe. Basi la Handeni lilikuwapo pale linapiga honi, na kondakta akanishika mkono nipande.

Sikupanda, kaka. Nilijiuliza: nikifika mlangoni Mama akasema, "Nani amekuita?", nitajibu nini? Kwamba Mbaruku ameandika? Mbaruku anayeandika mzaha tangu alipojua kushika kalamu? Wewe una huruma, na mwenye huruma hudanganya kirahisi kuliko mwizi. Nilikuomba neno moja juu ya afya yake, ukanipa homa ambayo hana. Nitaamini vipi salamu?

Mama ninayemjua hatumi salamu kwa mkato. Kama salamu ni yake, basi aniite kama alivyosema. Neno moja tu, "njoo", nami nitakuja hata kwa miguu.

Mwantumu

~

Mashewa,
Korogwe.
4 Julai, 1975

Kaka yangu Mbaruku,

Shikamoo. Tumefika salama. Mtoto alilala njia nzima. Semboja anasema nikuandikie tena pole zake, na kwamba hakujihisi mgeni pale matangani. Wanaume walimpisha jamvini kama mtu wa nyumbani.

Mimi nilijihisi mgeni. Simu yako ya maandishi ilitufikia Mama akiwa ameshazikwa, hilo nimelikubali, ni mapenzi ya Mungu na matope ya Mashewa. Ninaloshindwa ni jingine. Siku ile ya kuvunja matanga, binamu Mhina aliingia amevaa kanga ya Mama. Najua mtani kazi yake ni hiyo, amwige marehemu, watu wacheke wapate kupumua. Akalala kwenye kitanda cha Mama, akashika kile chuma, akajivuta huku akikunja uso kama yeye, akaita, "Mbaruku, kigoda kinalia!" Watu wote wakacheka mpaka wakalia. Wewe ulicheka ukakaa chini. Chausiku alitoka nje na upande wa kanga mdomoni. Hata yule Koplo alikuwa anacheka machozi yanamtoka.

Mimi nilisimama. Sikujua wanacheka nini. Ni mama yangu, na kichekesho chake cha mwisho nilikuwa sikijui.

Kisha nikaona jambo. Vyuma vilikuwa viwili. Kimoja juu kwenye boriti, na kingine kimening'inizwa kwa kamba chini sana, juu ya kitanda, kimeviringishwa kitambaa cha kanga kuukuu. Kaka, mtu mzima hawezi kujifunzia pale. Magoti yangegusa godoro.

Sikukuuliza mbele za watu. Nakuuliza sasa. Chuma kilikuwa cha nani?

Mwantumu

~

Misima,
Handeni.
20 Julai, 1975

Mdogo wangu Mwantumu,

Marahaba. Tuko hivyo hivyo. Barua hii haina tangazo.

Chuma kilikuwa cha Mama.

Mwezi wa Desemba aliteleza kisimani na ndoo kichwani. Tulimbeba kwa machela mpaka Handeni. Hospitalini walisema mgongo umeumia, miguu haitarudi, lakini mikono ipo, na kama atajitahidi anaweza kukaa mwenyewe. Nikasema nitakuandikia siku ile ile. Mama akanishika kifundo cha mkono. Alisema, "Ukimwandikia nimeanguka, atakuja kwa huruma. Nilimwambia asije mpaka nimwite. Simwiti nikiwa nimelala." Nikamwambia akubali basi nimpeleke Mashewa kwa gari. Akakataa. "Iliyoapa ni miguu. Itakwenda miguu." Nilibishana naye, Mwantumu, lakini unajua ukibishana na Mama unabishana na wewe. Akanilisha kiapo.

Nilifunga kamba kwenye boriti ajivutie akae. Akasema kamba ni ya mbuzi. Ndipo nikatafuta chuma. Cha kwake kilikuwa baridi asubuhi, akakiviringishia ile kanga. Alishika siku ya kwanza, akashindwa kujivuta, akageukia ukutani. Hakutaka tena. Nikatafuta kipande kingine, nikakifunga juu, nikamwambia, "Mama, tushindane. Wewe ukae, mimi kidevu kivuke."

Habari ya mgambo ni kweli, lakini hakuna aliyenilazimisha bomba. Watu wa umri wangu tulisamehewa siku ya kwanza. Niliyemng'ang'ania Koplo anifundishe ni mimi. Nilipomweleza sababu, akawa anakuja nyumbani baada ya gwaride. Zile ngazi za wanaoanza nilizokuandikia alimfundisha Mama. Kwanza shika tu, bibi, viganja vizoee. Kisha tukukalishe, ujishushe polepole. Alikuwa akimshika makwapani na kumteremsha kama anateremsha mayai. Siku moja Mama akaniuliza, akiwa mikononi mwa kijana wa watu, "Huyu naye ni Msambaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Mkristo?"

"Ndiyo, Mama."

Akafikiri. "Mh. Anashika vizuri."

Kila asubuhi ilikuwa hivyo, yeye chini, mimi juu. Kitanda chake hakikumruhusu kuona miguu yangu, nikadhani hajui kuwa bado nimekanyaga. Siku moja nimetoa sauti ya ushindi, kidevu kimevuka, yeye akasema kwa utulivu, "Mbaruku, kigoda kinalia." Chausiku alisikia jikoni, jioni kijiji kizima kinajua. Ikawa ndiyo salamu yangu barabarani. Hicho ndicho walichokuwa wakicheka.

Barua zako zote nilimsomea. Ile ya jina la mtoto nilimsomea pia, ingawa ulinikataza. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Nilipoanza kukunja karatasi, akanyoosha mikono, akashika chuma, akajivuta, akakaa. Peke yake, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mwandikie namsalimu." Nikafurahi, nikasema nitaiweka juu kabisa. Akasema hapana. "Iweke katikati ya vitu vidogo. Asije akadhani ninalia." Ndipo nikamtafuta yule mbuzi. Ile salamu sikuitunga, Mwantumu. Hata mahali pake sikupachagua mimi.

Barua yako ya Korogwe ilifika Jumamosi mchana. Nilisoma, na nilipofika pale ulipokataa kupanda basi nikaruka mistari. "Umeruka," akasema. "Soma." Nikasoma mpaka mwisho. Alikitazama chuma. Kisha akasema, "Nilidhani ubishi wangu ninao mimi. Kumbe niliondokewa nao siku ile ile ya cheti, umekwenda Mashewa." Nikainama nimsaidie kukaa, akanisukuma. Akashika mwenyewe. Alipanda taratibu, mishipa ya shingo imesimama, akakaa, jasho linamtiririka, anatabasamu.

Akasema, "Sasa mwandikie. Mwantumu, njoo, mama yako anakuita. Uje na huyo mwenye jina langu. Na Msambaa wako aje, nasikia wanajua kushika."

Nilipaswa kutoka pale pale nikatafute karatasi. Sikutoka. Nilikuwa na furaha, nami nikifurahi unajua ninavyokuwa. Nikasema, "Ngoja kwanza, Mama. Umenishinda, haiwezekani. Nami nivute yangu, halafu tumwandikie wote tukiwa washindi." Nikapanda kigoda. Nikadandia. Nikasikia nyuma yangu, "Mbaruku, kigoda kinalia!", na kicheko chake, kile cha zamani cha kujipiga paja. Nami nikacheka. Mtu akining'inia pale anatazama ukuta, haoni kitanda. Nilicheka nikiutazama ukuta. Niliposhuka, aliyekuwa anacheka ni mimi tu. Alikuwa amelala chali, mkono mmoja bado umekunjwa kwenye chuma, uso umebaki na ule mzaha.

Walisema ni moyo. Labda ungesimama vile vile hata kama ningekuwa naandika. Lakini ningekuwa naandika.

Ile nusu niliyokuandikia Mei haikuwa nusu. Sijawahi kujivuta hata robo. Hili si zito, ila nimesema nitakueleza yote.

Chuma cha juu nimekishusha. Cha chini nimeshindwa kukifungua, kanga yake ipo vile vile imeshika umbo la viganja. Kitakungoja. Njoo na Mwanaidi, njoo na Semboja, wala usisimame mlangoni ukijiuliza utajibu nini. Hukuja kwetu bila ruhusa. Uliitwa, mdogo wangu. Uliitwa Jumamosi ile mchana, kwa sauti, naye amekaa.

Kaka yako,
Mbaruku